Kutu, Umande na Historia: Kuhifadhi Magari ya Kale ya Kijeshi katika Nyanda za Juu Kusini

UTANGULIZI

Nyanda za Juu Kusini zimepitiwa na vita mara nyingi. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani huko Lugalo, karibu na Iringa. Mwezi Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Edward Northey yaliingia mjini Iringa. Mwaka 1940 ilikuwa zamu ya magari. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile inayopita Tunduma, Mbeya, Iringa na Dodoma, ilipitisha misafara ya malori ya kijeshi yaliyotoka kusini kwenda Kenya, tayari kwa vita dhidi ya Waitaliano katika Somalia na Ethiopia. Katika vita hivyo vya pili Watanganyika wapatao 87,000 waliandikishwa jeshini, na wengi wao waliona kwa mara ya kwanza injini ikifunguliwa na kufungwa tena.

Vita vilipokwisha, magari mengi ya kijeshi yaliuzwa kwa raia. Yakabeba mahindi, mbao na abiria mpaka yakachoka, kisha yakaachwa nyuma ya gereji au kando ya shamba. Gari la namna hiyo lina maadui watatu. Wa kwanza ni kutu. Wa pili ni mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hulikata vipande na kulipeleka kwenye tanuri. Wa tatu ni mtu mwenye nia njema, anayelisugua mpaka chuma king'ae na kulipaka rangi mpya ili lipendeze. Adui huyu wa tatu ndiye anayesahauliwa aghalabu, ingawa hasara anayoileta haiwezi kurudishwa.

Makala haya yanaeleza jinsi elimu ya kemia na fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari inavyoweza kutumiwa kulihifadhi gari la kale la kijeshi katika hali yake ya asili. Mifano imechukuliwa kutoka Mbeya, Iringa na sehemu nyingine za Tanzania.

"HALI YA ASILI" NI IPI?

Kabla ya kushika brashi, hapana budi kujibu swali hili. Kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Kukarabati ni kukifanya kitu kitumike tena. Kurudisha upya ni kukipa sura kiliyokuwa nayo kilipotoka kiwandani. Kuhifadhi ni kuzuia kisiharibike zaidi, huku kila kilichomo kikiachwa kama kilivyo. Anayehifadhi huyatunza hata makovu.

Gari la kijeshi ni hati. Namba iliyogongwa kwenye fremu hueleza mahali na wakati lilipoundwa. Tabaka za rangi hueleza safari zake: rangi ya kiwandani, juu yake rangi ya mchanga iliyopakwa kwa ajili ya vita vya jangwani, juu yake tena rangi ya kampuni ya raia iliyolinunua. Kiraka kilichochomelewa hueleza ufundi wa mtu asiyeandikwa katika kitabu chochote. Anayekwangua tabaka hizo zote amechoma hati hiyo.

Mfano mzuri wa ugumu wa swali hili unatoka Kongwa. Katika mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, Waingereza walileta Tanganyika mashine nyingi zilizobaki kutokana na vita. Miongoni mwake yalikuwamo matrekta yaliyoitwa Shervick, ambayo kiwanda cha Vickers-Armstrongs kiliyaunda kwa kugeuza vifaru vya Sherman. Je, trekta la namna hiyo likipatikana leo, lirudishwe kuwa kifaru? Mhifadhi makini atajibu kwamba haifai. Maisha ya pili ya mashine hiyo yalikuwa hapa nchini, tena ndiyo yanayotuhusu zaidi. Kulirudishia mzinga ni kuyafuta maisha hayo kwa ajili ya sura ambayo Tanganyika haikuwahi kuiona.

Yapo pia magari yaliyokwenda njia ya kinyume. Wakati wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, magari ya raia na ya mashirika ya umma yalikusanywa ili kubeba askari na vifaa. Lori la namna hiyo halikuundwa kwa vita, lakini lilishiriki vita. Hali yake ya asili, kwa maana ya kihistoria, ni pamoja na kazi hiyo.

Kwa hiyo "hali ya asili" si lazima iwe hali ya siku ya kwanza. Ni hali ambamo ushahidi wa historia yote ya gari bado unasomeka.

KUTU HUTOKEAJE?

Chuma hakipatikani kikiwa safi katika ardhi. Hupatikana kikiwa kimeungana na oksijeni katika mawe ya madini, na binadamu hutumia nguvu nyingi za joto kukitenganisha. Kutu ni safari ya chuma kurudi kule kilikotoka.

Safari hiyo ina njia ya umeme. Tone la maji likitua juu ya bamba la chuma, sehemu moja ya chuma huwa anodi na nyingine huwa kathodi. Katika anodi chuma hupoteza elektroni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Katika kathodi oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea elektroni hizo:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za chuma na ioni za haidroksidi hukutana, huungana na oksijeni zaidi, na kutengeneza unga wa rangi ya kahawia tunaouita kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili au zaidi. Ndiyo sababu huvimba chini ya rangi na kuibandua, na ikiingia kati ya mabamba mawili yaliyofungwa kwa ribiti huyatanua mpaka ribiti zikatike.

Mambo matatu yanahitajika: chuma, maji na oksijeni. Chumvi huongeza mwendo, kwa sababu maji yenye ioni hupitisha umeme vizuri zaidi, na ioni za kloridi huvunja ngozi nyembamba ya oksidi inayokinga chuma. Metali nyingine ikigusana na chuma huongeza hatari pia. Panapokuwa na bomba la shaba lililofungwa kwenye bamba la chuma, chuma hugeuka anodi na kuliwa haraka, hali shaba ikibaki salama.

Unene wa chuma nao una hesabu yake. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa ISO 9223, chuma cha kawaida kilicho nje katika mazingira ya ukali mdogo hupoteza unene wa mikromita 1.3 hadi 25 katika mwaka wa kwanza. Katika mazingira makali sana, kama yale ya pwani, hupoteza mikromita 80 hadi 200. Tuchukue mikromita 20 kwa mwaka, na tudhani mwendo haubadiliki. Madigadi yenye unene wa milimita 1, ikiliwa pande zote mbili, hupoteza mikromita 40 kila mwaka, na itakwisha kwa miaka 25. Bamba la deraya lenye unene wa milimita 12 litahitaji miaka 300. Hesabu hii ni ya makadirio tu, kwa kuwa kwa kawaida mwendo hupungua kadiri miaka inavyopita. Hata hivyo inaonyesha kwa nini gari la deraya la aina ya Marmon-Herrington, lililoundwa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1940 kwa kutumia fremu na injini za Ford, huweza kubakiza ukuta wake imara wakati sakafu, boneti na tangi lake la mafuta vimekuwa ungo.

UMANDE WA NYANDA ZA JUU

Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na Mbeya mita 1,700 hivi. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kisha hufuata kiangazi chenye baridi, hasa Juni hadi Agosti. Chumvi ya bahari haifiki huku. Mtu aweza kudhani kwamba gari lililowekwa nje wakati wa kiangazi halipati kutu. Dhana hiyo si sahihi.

Tuchukue mfano. Alasiri hewa ina halijoto ya nyuzi 25 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40. Katika nyuzi 25 mita moja ya ujazo ya hewa huweza kushika mvuke wa gramu 23 hivi. Kwa hiyo hewa yetu ina:

23 × 40/100 = gramu 9.2 za mvuke.

Usiku mawingu hayapo, na bamba la chuma lililo wazi hutoa joto lake kuelekea angani. Hupoa kupita hewa iliyolizunguka na kufikia nyuzi 8. Katika nyuzi 8 mita moja ya ujazo ya hewa huweza kushika gramu 8.3 tu. Ziada ya gramu 0.9 hugeuka maji juu ya bamba. Huo ndio umande. Gari ambalo halijanyeshewa kwa miezi mitatu laweza kulowa kila usiku, na mapambazuko huwa saa za kutu.

Isitoshe, chuma hakihitaji kulowa kwa kuonekana. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 au 70, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hujengeka juu ya chuma safi, na kutu huanza. Pakiwapo vumbi lenye chumvi, mpaka huo hushuka zaidi.

Kutokana na maelezo haya yapatikana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, paa ni dawa kubwa kuliko rangi: kibanda chenye paa huzuia mvua na pia huzuia bamba lisipoteze joto kuelekea angani, hivyo umande hautui. Pili, kulifunika gari kwa karatasi ya plastiki inayogusa mwili wake ni kosa. Unyevu unaotoka ardhini hunaswa ndani, na asubuhi upande wa ndani wa plastiki hutiririka maji.

Tofauti za mahali zikumbukwe pia. Iringa hupata mvua ya milimita 700 hivi kwa mwaka, ambapo Tukuyu, katika miteremko ya Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000. Kibanda kinachofaa Iringa chaweza kisitoshe Tukuyu, ambako sakafu iliyoinuliwa na kuta za kuzuia mvua ya upepo ni za lazima.

MASOMO MATATU KUTOKA TANZANIA

1. Meli ya Liemba

Mfano mkubwa kuliko yote wa kuhifadhi chombo cha vita nchini hautoki barabarani bali ziwani. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na reli, na kuunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 na kutumika vitani. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi.

Meli hiyo iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na injini na boila zikaonekana kuwa bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba.

Kemia ya jambo hili ni nyepesi. Grisi ilizuia maji na oksijeni visikifikie chuma. Maji ya Ziwa Tanganyika nayo ni maji baridi, yenye kloridi chini ya miligramu 50 katika lita moja, ambapo maji ya bahari yana miligramu 19,000 hivi. Pia yana ubesi kidogo, jambo linalopunguza mwendo wa kutu. Manowari ya Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, haikupata bahati hiyo: mabaki yake yaliliwa na maji ya chumvi, yakazama matopeni na kukatwa kuwa vyuma chakavu. Kilichonusurika ni baadhi ya mizinga yake iliyotolewa mapema, na mmoja unaweza kuonekana Fort Jesus, Mombasa.

Liemba ina somo jingine. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli. Bila badiliko hilo meli isingeendelea kuwahudumia watu wa ziwa. Lakini zile injini zilizookolewa na grisi ya mwaka 1916 hazimo tena ndani yake. Chombo kinachofanya kazi hulipa uhai wake kwa kupoteza sehemu ya asili yake.

2. Kimondo cha Mbozi

Katika wilaya ya Mbozi, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016 ulipoanzishwa Mkoa wa Songwe, kuna kimondo cha chuma chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Kina chuma asilimia 90 hivi na nikeli zaidi ya asilimia 8. Kimekaa ardhini kwa muda mrefu kupita kumbukumbu za watu, na bado ni kizima. Nikeli ndiyo inayokisaidia kukinga kutu. Chuma cha gari hakina nikeli ya kiasi hicho, na hakiwezi kustahimili hivyo bila msaada. Kimondo hicho chafundisha jambo jingine: pale kilipokatwa kipande kwa uchunguzi mwaka 1930, jeraha linaonekana hadi leo. Sampuli ikichukuliwa haikui tena.

3. Miwati ya Njombe

Njombe, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, ina mashamba makubwa ya miwati ambayo kampuni ya TANWAT ilianza kuyaendesha mwaka 1949. Magome ya mti huo hutoa tanini, ambayo kwa miaka mingi imetumika kutengenezea ngozi. Tanini ina kazi nyingine isiyojulikana sana. Ikipakwa juu ya kutu huungana na ioni za chuma na kutengeneza kiwanja cha rangi nyeusi ya buluu, kisichoyeyuka majini kwa urahisi. Utando huo hupunguza mwendo wa kutu. Wahifadhi wa makumbusho katika nchi nyingi hutumia asidi ya tanini safi kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa Njombe anayeona matone meusi pale panga lake lilipokata gome bichi ameuona mmenyuko huohuo.

HATUA ZA KAZI

(a) Usalama kwanza

Gari la kijeshi laweza kuficha mambo ya hatari. Likionekana bomu, kombora au risasi, zima au kuukuu, kitu chochote kisiguswe. Watu waondoke na polisi waarifiwe. Tangi la petroli tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki hulipuka. Lisikaribiwe na moto wala mashine ya kuchomelea. Pedi za breki na klachi za zamani huwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Rangi za kale huwa na madini ya risasi, hivyo zisipigwe msasa mkavu. Mita za dashibodi zilizong'aa gizani katika magari ya vita vya pili zilipakwa radiamu; vioo vyake visifunguliwe. Wanafunzi wasipewe kazi yoyote kati ya hizi.

(b) Kuandika kabla ya kugusa

Gari lipigwe picha pande zote, lipimwe na kuchorwa. Namba zote zinakiliwe. Kila kipande kilichoanguka kipewe kibandiko chenye namba na mahali kilipokutwa. Wazee waliolijua gari wahojiwe na maneno yao yaandikwe, kwa sababu kumbukumbu zao nazo hupotea. Ofisi ya utamaduni ya wilaya na Idara ya Mambo ya Kale ziarifiwe mapema, maana nchi ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na kuhamisha kitu cha kihistoria bila ushauri kwaweza kuleta matatizo.

(c) Kuliinua na kulikausha

Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya magogo imara, ili springi na matairi yapumzike na mvuke wa ardhi usilifikie. Maji yatolewe katika rejeta na injini. Matundu ya kutolea maji chini ya milango na sakafu yazibuliwe, kwa kuwa tope lililojaa humo hushika unyevu mwaka mzima. Kibanda kiwe na paa pana na nafasi ya hewa kupita. Mbao za bodi zikaguliwe kwa ajili ya mchwa, na nyasi zikatwe kulizunguka gari.

(d) Kusafisha kwa upole

Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Panapohitajika maji, yatumike maji ya mvua kidogo kwa kitambaa, na mahali pakaushwe mara moja. Grenda, brashi ya waya ya mashine na kupuliza mchanga ni marufuku, maana kutu, rangi na alama za vita huondoka pamoja. Ikiwa ni lazima kuzijua rangi za chini, mahali padogo kama kiganja pasuguliwe kwa msasa mwembamba uliolowa, ngazi kwa ngazi, mpaka kila tabaka ionekane kama duara za mti uliokatwa. Kazi hii ifanywe na mtaalamu, mara moja tu.

(e) Kuituliza kutu

Unga wa kutu unaobanduka kwa mkono uondolewe. Kutu iliyoshikamana ipakwe asidi ya tanini iliyoyeyushwa majini, tabaka nyembamba mara tatu au zaidi, kila moja ikiachwa ikauke. Kwa kuwa dawa hii hubadili rangi kuwa nyeusi, itumike chini ya gari na ndani ya fremu, isipakwe juu ya rangi ya asili. Maji ya magome yaliyochemshwa nyumbani yanafaa kwa jaribio la darasani; kwa gari lenyewe itumike tanini safi, kwa sababu maji ya magome yana vitu vingine visivyojulikana.

(f) Kukinga

Baada ya kutulizwa, chuma kipakwe nta ya madini itokanayo na petroli. Nta hiyo huzuia maji, haibadili sana sura, na huweza kuondolewa kwa mafuta mepesi ya kuyeyushia rangi. Hapa ndipo ilipo kanuni kuu ya uhifadhi: lolote lifanyikalo leo liweze kufumuliwa kesho na mtu mwenye maarifa zaidi. Nta ya nyuki hupatikana kwa wingi nchini, lakini ina asidi kidogo na hunata vumbi. Ifaa kwa majembe na mapanga kuliko kitu cha makumbusho. Matairi yasipakwe mafuta ya injini, maana mafuta hayo huvimbisha mpira. Yakingwe tu na jua, ambalo mionzi yake ni mikali zaidi katika miinuko.

(g) Injini

Injini iliyokaa miaka mingi isilazimishwe kuzunguka. Plagi zitolewe, mafuta mepesi yamiminwe ndani ya silinda na kuachwa kwa siku kadhaa, kisha izungushwe polepole kwa hendeli. Ikigoma, iachwe. Ikikubali, ijazwe mafuta mapya ya kukinga kutu. Swali la kuiwasha au kutoiwasha lijibiwe kwa busara. Gari pekee la aina yake, lenye rangi na vifaa vyake vya kwanza, halina sababu ya kuendeshwa. Kila safari hula kitu kisichorudi. Gari ambalo vifaa vyake vingi vimekwisha badilishwa laweza kuendeshwa ili watu wasikie sauti yake, na kila kifaa kipya kigongwe mwaka kilipowekwa, huku kile cha zamani kikihifadhiwa.

JARIBIO KWA DARASA

Vitafutwe vyupa sita vyenye vifuniko na misumari sita mipya ya chuma isiyopakwa zinki, iliyosuguliwa kwa msasa. Kila msumari upimwe uzito na uwekwe hivi:

1. katika maji ya mvua;
2. katika maji yaliyochemshwa na kupoa, yakiwa na mafuta ya kula juu yake;
3. katika maji yenye chumvi;
4. katika maji ya mvua, ukiwa umezungushiwa waya wa shaba;
5. katika maji ya mvua, baada ya kupakwa nta na kukauka;
6. katika maji ya mvua, baada ya kuachwa upate kutu kwa juma moja, kupakwa maji ya magome ya miwati na kukaushwa.

Matokeo yaandikwe kila juma kwa majuma sita. Mwishoni misumari isuguliwe kutu, ikaushwe na kupimwa tena. Shule ya Iringa na shule ya Tukuyu zaweza pia kutundika mabamba yanayofanana, moja nje na moja chini ya paa, na kubadilishana matokeo baada ya mwaka mmoja. Takwimu za namna hiyo zitamsaidia yeyote atakayejenga kibanda cha kuhifadhia chuma katika mikoa hii.

HITIMISHO

Uhifadhi hauhitaji fedha nyingi kama unavyodhaniwa. Paa, magogo, brashi laini, nta na daftari hutosha kwa mwanzo. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu: gari likaguliwe mwezi Oktoba kabla ya mvua na mwezi Mei baada ya mvua, kila mwaka. Askari na madereva waliopita katika barabara ya Tunduma na Iringa mwaka 1940 wengi wao hawakuacha maandishi. Chuma walichokishika ni sehemu ya maandishi yao, na tanuri la vyuma chakavu halibagui kati ya sufuria na ushahidi.

MASWALI

1. Eleza kwa nini gari lililo chini ya paa lisilo na kuta hupata umande kidogo kuliko lililo nje, ingawa hewa ni ileile.
2. Hewa ina halijoto ya nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60. Katika nyuzi 20 hewa huweza kushika gramu 17.3 za mvuke kwa mita ya ujazo, na katika nyuzi 10 gramu 9.4. Je, umande utatua juu ya bamba lenye nyuzi 10?
3. Mkondo wa kutu wa miliampia 1 ukipita mfululizo kwa mwaka mmoja, ni gramu ngapi za chuma zitakazopotea? (Fe = 55.85; Faraday moja = kulombi 96,500. Jibu: gramu 9.1 hivi.)
4. Lori la raia lililobeba askari mwaka 1979 limekutwa na rangi tatu. Jadilini darasani ni rangi ipi ibaki ikionekana, na mtoe sababu.
5. Kwa nini shaba iliyogusana na chuma hubaki salama wakati chuma kinaliwa?